Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mafumbo ya mbao ya kutengenezwa kwa mkono na kutembelea karakana

Maswali haya yanakuja kila wiki, mengine kwa meseji, mengine mtu ameshasimama mlangoni na watoto watatu, kwa hiyo tumeyaweka yote pamoja. Ukiwa na haraka soma yale ya mavazi na ya fumbo lililobana, hayo ndo yanayookoa watu.

Mafumbo ya mbao si ni zile picha za kuunganisha tu?

Hapana, hizo ni ukoo mmoja tu. Kuna picha iliyobandikwa kwenye plaiwudi halafu ikakatwa vipande, hiyo jigsoo wengi mnaijua. Kuna mafumbo ya kufungamana, yaani vijiti vya mbao vilivyotolewa mapengo katikati, vinashikana vyenyewe bila gundi wala msumari mpaka unapata kitu kama msalaba wa pande tatu na ukikishika huoni pa kuanzia. Kuna masanduku ya siri, yale ya Hakone huko Japani ndo yenye jina, unasukuma ubavu kidogo, unasogeza mfuniko kidogo, unarudi ubavuni, mengine yana hatua nne tu na mengine yanakwenda makumi ya hatua. Kuna tangramu kutoka China, vipande saba bapa vinavyopangwa kuwa mtu, ndege, mashua, chochote. Na kwa wale wanaodhani mbao ni mambo ya zamani, Ernő Rubik alipotengeneza mchemraba wake wa kwanza mwaka 1974 aliutengeneza kwa mbao, plastiki ilikuja baadaye.

Nani alianzisha hii kitu?

Kwa upande wa picha za kukata anayetajwa ni John Spilsbury, mchonga ramani wa London, ambaye miaka ya 1760 alibandika ramani kwenye ubao akaikata kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia kwa kuipanga upya. Vipande vyake vingi havikuwa na vile vichwa vya kushikana, kwa hiyo ukikohoa karibu na meza Ulaya yote inasogea.

Watu wazima walishikwa na homa ya mafumbo baadaye sana, Marekani, 1908 mpaka 1909 hivi. Kampuni ya Parker Brothers mwaka 1909 iliweka pembeni michezo yake mingine yote ikawa inakata mafumbo ya mbao tu, na wakataji wake wengi walikuwa wanawake. Halafu ikaja kadibodi. Miaka ya 1930 uchumi umeanguka, watu wanataka burudani ya bei rahisi, mashine inagonga karatasi ngumu mara moja na vipande vyote vinatoka kwa pamoja, mwanzoni mwa 1933 huko Marekani yalikuwa yanauzwa kama milioni 10 kwa wiki. Ya mbao hayakufa lakini yalibaki kuwa kitu cha wachache, na hapo ndo yalipo mpaka leo.

Mbona ghali? La kadibodi lenye vipande vingi zaidi nalipata kwa pesa kidogo.

Piga hesabu na mimi. Tuseme mkataji ana spidi ya kipande kimoja kwa dakika, na hiyo ni spidi ya mtu aliyezoea, fumbo la vipande 500 ni zaidi ya saa nane amekaa kwenye mashine bila kunyanyuka. Bado hujahesabu kuchagua mbao, kubandika picha na kusubiri gundi ikauke, kupiga msasa nyuma, kufuta vumbi kipande kwa kipande, halafu kulipanga lote upya kuhakikisha hakuna kilichopotea. Ukimwambia fundi kwamba kadibodi ni rahisi hakasiriki, anajua. Ni kweli ni rahisi. Ila unalinganisha vitu viwili ambavyo havifanani hata ukivishika gizani.

Linalokatwa kwa leza nalo tuliite la mkono?

Hapa mafundi wenyewe wanagombana, nawapa maoni yangu tu. Leza siyo uongo, mtu bado anachora mistari ya kukata, anachagua mbao, anapiga msasa, na inakata mistari myembamba na ya ajabu ambayo msumeno hauwezi. Kinachonikera ni mtu kuandika "kazi ya mkono" kwenye kitu ambacho mkono umekigusa wakati wa kukiweka kwenye boksi tu.

Kutofautisha ni rahisi, angalia ukingo wa kipande. Cha leza kina ukingo wa kahawia au mweusi kwa sababu mbao imeungua, na ukifungua boksi jipya kuna harufu ya moshi. Cha msumeno ukingo una rangi ya mbao yenyewe, na ukiusogeza kwenye mwanga kwa mshazari utaona vistari vidogo vilivyoachwa na meno. Pia ya leza mara nyingi yanafanana, mafumbo mia yamekatwa kutoka faili moja, kipande cha kwako kinaingia kwenye la jirani. Ya msumeno kila moja lina mikato yake hata kama picha ni ileile.

Nikija karakana nitaona nini hasa?

Inategemea umekuja siku gani, na usiamini karakana inayokuonyesha kila kitu kwa dakika kumi. Ukianzia mwanzo kuna stoo ya mbao, ambayo wageni wanaipita mbio kumbe ndo moyo wa kazi, mbao zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, zimekaa humo kwa muda zikizoea hali ya hewa ya ndani. Halafu meza ya kupimia, randa, misumeno mikubwa, na kwa kawaida chumba au kona ya pembeni yenye mashine ya msumeno mwembamba wa kukatia mikunjo.

Hapo kwenye hiyo mashine simama, hata kama wenzako wameenda dukani. Bledi yake ni uzi wa chuma wenye meno, unene robo ya milimita hivi, umebanwa juu na chini na unapanda na kushuka haraka mpaka macho yanaona ukungu tu. Mkataji hausukumi msumeno, anazungusha mbao. Vidole vya kushoto viko bapa juu ya picha kama vimelala, vya kulia ndo vinageuza, na kwenye kile kichwa cha kipande, pale mviringo unapobana, utaona anakaribia kusimama kabisa, mbao inazunguka papohapo bledi ikijitafutia nafasi, halafu anatoka taratibu kwenye shingo. Mlio unabadilika hapo, unakuwa mwembamba. Kipande kinakatika hakianguki, kinakaa palepale maana gepu ni dogo mno, anakichomoa kwa ukucha, anakigeuza, anafuta manyoya ya mbao nyuma kwa kidole gumba, anakiweka kwenye trei mahali pake. Mahali pake kweli, hachanganyi. Halafu cha pili.

Ukipata bahati ya kukuta fumbo limekwisha mwombe akuonyeshe kunyanyua. Anashika kona moja ya picha iliyopangwa, ananyanyua, na picha nzima inakuja hewani bila kuachia kipande. Hilo ndo jaribio lenyewe. Rangi nzuri, boksi zuri, jina kubwa, yote ni ya pembeni, fumbo la mbao linasimama au linaanguka kwa ile nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, na nafasi hiyo huwezi kuiona kwenye picha ya simu, lazima ushike.

Lazima niseme mapema kabla ya kuja?

Ndiyo. Siyo maringo. Mashine zikiwa zinawaka na gundi imeshapakwa fundi hawezi kuacha kazi akuzungushe, gundi haimsubiri mgeni. Sema mko wangapi, kuna watoto wa umri gani, na kama kuna mtu wa kiti cha magurudumu useme pia maana karakana nyingi zina njia nyembamba na mbao zimelala sakafuni. Kundi dogo linaona zaidi. Mkija thelathini nusu wataangalia mgongo wa mwenzao.

Nivae nini?

Viatu vya kufunika vidole. Hili haliombewi msamaha, patasi ikidondoka inadondoka na ncha chini. Nywele ndefu funga, mtandio uchomeke vizuri ndani au uubane, mikono mipana kunja, cheni na bangili acha, pete pia kama unapanga kushika mashine. Na glavu usivae karibu na mashine inayozunguka hata kama unaona ndo usalama, glavu inanaswa na mkono unafuata, mikono mitupu ni salama zaidi hapo.

Miwani ya kujikinga na kinga ya masikio uliza kama wanazo. Msumeno mwembamba haupigi kelele sana ila mashine ya randa na msumeno wa meza zinavuka desibeli 85, na hicho ndo kiwango ambacho ukikaa nacho saa nane kila siku bila kinga masikio yanaanza kuumia. Kwa matembezi ya muda mfupi hutaumia lakini mtoto mdogo atalia.

Nina pumu, naweza kuja?

Mwambie fundi kabla, na uje siku ya kupanga au kupaka nta, siyo siku ya msasa. Karakana nzuri ina mashine ya kufyonza vumbi ila lile jembamba kabisa, lisiloonekana, linabaki hewani baada ya mashine kuzimwa. Barakoa ya kitambaa haisaidii sana, tafuta ile ya vumbi inayobana vizuri puani. Na hili siyo la wenye pumu peke yao, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hiyo inahusu zaidi watu wanaolivuta kazini miaka na miaka, mgeni wa siku moja asikimbie, lakini ukikuta fundi anapiga msasa siku nzima bila barakoa mwambie tu, hata kama ni mzee wako, mwambie kwa adabu.

Watoto wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa sehemu nyingi, ila shika mkono. Watoto wa miaka saba na kuendelea wanafurahia kuliko watu wazima maana hawaoni aibu kuuliza.

Kuhusu kununua, chini ya miaka mitatu usimpe fumbo lenye vipande vidogo hata kama limeandikwa la watoto. Viwango vya usalama wa vitu vya kuchezea vinatumia kopo la kipimo lenye mdomo wa milimita 31.7, kipande kikiingia chote humo bila kubanwa basi kinaweza kumkaba mtoto. Kopo hilo huna nyumbani lakini kwa macho unaweza kukadiria. Uliza pia kimepakwa nini, maana kila kitu kitapita mdomoni, na fundi anayejua kazi yake atakujibu papo hapo, siyo "ni vanishi tu ya kawaida".

Napiga picha na video?

Uliza kwanza, jibu mara nyingi ni ndiyo kwa mashine na mikono, hapana kwa michoro iliyobandikwa ukutani. Mafumbo ya kufungamana yana wabunifu wake, mtu amekaa miezi anatafuta maumbo yanayofungamana kwa njia moja tu, halafu wewe unapost vipimo. Na tafadhali sana usirushe video ya kufungua sanduku la siri mwanzo mwisho. Umewaharibia wengine wote, na hata maoni utakayopata ni ya matusi.

Naweza kujaribu kukata mwenyewe?

Kama wanaruhusu, jaribu. Utapewa kipande cha plaiwudi chenye mstari wa penseli na mstari utakuhama, usishtuke, bledi nyembamba ina tabia ya kuvutia upande mmoja kidogo kwa jinsi ilivyotengenezwa, wakataji wanalijua hilo wanaingiza mbao kwa mshazari kidogo. Usisukume kwa nguvu. Usisukume pembeni. Bledi ikikatika na mlio wa tak usiruke, hazina gharama kubwa na hata wakongwe zinawakatikia kila siku.

Mnatumia mbao gani?

Kwa picha za kukata, plaiwudi nzuri ya milimita 5 au 6, isiyo na mapengo ndani. Watu wengine wanasikitika wakisikia plaiwudi, wanadhani ni ujanja wa kubana matumizi. Sasa fikiria shingo ya kipande, pale kichwa kinapoungana na mwili, ni nyembamba kama nini. Ukikata hiyo shingo kwenye mbao ya kawaida na nyuzi za mbao zikapita kwa kukingama, inakatika mara ya kwanza ukiibonyeza. Plaiwudi ina matabaka, kila tabaka nyuzi zake zinakingamana na la jirani, kwa hiyo haijalishi umegeuza kipande upande gani, kuna tabaka linalokishikilia.

Kwa ya kufungamana na masanduku ni mbao ngumu yenyewe, iliyokauka vizuri, yenye nyuzi zilizonyooka na vinyweleo vidogo ili kona zibaki kali. Fundo hapana. Mbao laini kama msonobari inabonyea haraka, unakuta baada ya mwezi kona zimekuwa za mviringo na fumbo linacheza. Mpingo ni mzuri ajabu, mzito mpaka ukiutia majini unazama, ila unamaliza meno ya msumeno na fundi anahesabu mara mbili kabla hajakubali oda yake.

Fumbo langu lilikuwa linafunguka vizuri, sasa limebana kabisa. Limeharibika?

Karibu siku zote halijaharibika, ni hewa. Mbao hata ikiwa imekatwa miaka mingi bado inakunywa unyevu na kuutoa. Msimu wa mvua au ukiishi karibu na maji inavimba, kiangazi au kwenye chumba cha kiyoyozi inasinyaa. Na haivimbi pande zote sawa, kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kitu cha kuonekana, kwa upana ndo inatembea. Kijiti cha milimita 25 cha mbao ngumu kinaweza kuongezeka robo ya milimita na zaidi hewa ikibadilika sana, na nafasi aliyoiacha fundi ilikuwa kama milimita 0.1. Hapo lazima libane, hesabu inakataa.

Cha kufanya: usilazimishe, usigonge na nyundo, usiingize bisibisi kwenye gepu (tunaletewa mengi yenye alama za bisibisi, yanauma macho). Usimwage mafuta ya kupikia, mbao itayanywa na itanuka. Usiweke juani wala kwenye oveni, itapasuka. Liweke kwenye chumba kikavu au kwenye mfuko wa kufunga pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, liache siku kadhaa, hata wiki mbili. Kisha jaribu kwa vidole. Likishafunguka paka nta kavu kidogo kwenye nyuso zinazosuguana, kidogo kweli, halafu futa.

Kinyume chake, likilegea sana kiangazi usibandike karatasi wala kuongeza gundi. Subiri mvua. Nasema kweli.

Ndo maana ukimuuliza fundi kwa nini mbao zake zinakaa stoo muda wote huo hajibu kwa haraka, na ndo maana kabla ya kununua la kubebea mbali ni vizuri umwambie linaenda kukaa wapi, pakavu au penye unyevu, kuna wanaoacha nafasi kidogo zaidi kwa ajili hiyo.

Nichague gumu kiasi gani?

Msidanganywe na idadi ya vipande. Mkataji mwenye roho mbaya anaweza kukuchosha kwa vipande 150 kuliko la kadibodi la 1000. Anafuata mstari wa rangi wakati wa kukata, kwa hiyo hakuna kipande chenye rangi mbili cha kukupa dokezo. Anagawa kona katikati ili usione kona. Anaweka kingo zilizonyooka katikati ya picha. Na anakata vipande vyenye maumbo, samaki, ufunguo, mtu anayekimbia, hivyo watu wanavipenda sana na huwa vinahusiana na picha. Halafu mengine hayana picha ya kuangalizia kwenye boksi, ni jina tu.

Kwa ya kufungamana uliza hatua ngapi mpaka kipande cha kwanza kitoke. Msalaba wa vijiti sita unaonekana mdogo lakini Bill Cutler alipoupigia hesabu kwa kompyuta, kazi iliyomalizika 1990, alipata njia zaidi ya bilioni 35 za kuunganisha vijiti vya aina hiyo, nyingi kati ya hizo haziwezekani hata kufunguliwa. Zawadi kwa mtu asiyewahi kushika, mpe la hatua moja au mbili. Ukimpa la kumi atakushukuru na kuliweka kabatini.

Nimekwama, mnatoa majibu?

Tunatoa dokezo kwanza. Mengi yana karatasi ya jibu kwenye bahasha iliyofungwa, ifiche kwa mtu mwingine wa nyumbani. Na kama unalifungua mara ya kwanza, piga picha kila kipande kinapotoka na kiweke mezani upande uleule kilivyotokea, watu wengi hawashindwi kufungua, wanashindwa kurudisha.

Nimepoteza kipande.

Angalia kwanza chini ya kochi, kwenye mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi, na mdomoni kwa mbwa. Kama ni la leza tutumie namba ya fumbo, kipande kinakatwa upya kutoka kwenye faili. La msumeno ni kazi zaidi, panga vipande vyote vinavyokizunguka, uvifunge pamoja visisogee, ututumie hivyohivyo pamoja na picha ya eneo hilo. Fundi atachora tundu, atakata, atapaka rangi kufananisha. Kitaingia vizuri lakini ukikitafuta utakiona, hakuna wa kukuficha hilo.

Naweza kuleta picha yangu ikatwe?

Ndiyo kama picha ni yako au una ruhusa ya aliyeipiga. Leta faili halisi, siyo iliyopita WhatsApp mara nne, kwa uchapaji mzuri inatakiwa kama nukta 300 kwa kila inchi kwenye saizi utakayoitaka. Picha yenye nusu nzima ya mbingu tupu ni mateso, kuna wanaoyataka. Jina la mtu au tarehe tunaweza kulikata likawa umbo la kipande. Usilete oda wiki ya shughuli yenyewe.

Nikinunua nitajuaje ni kazi nzuri?

Geuza nyuma. Mbele kila mtu anasafisha, nyuma ndo uvivu unaonekana, kama kuna manyoya ya mbao, vipande vya tabaka vimechanika, au matone ya gundi, weka chini. Chomoa kipande katikati, kitoke kwa kubonyeza kidogo na kirudi bila kupigwa ngumi. Angalia picha kwenye ukingo kama karatasi inaanza kunyanyuka, jaribu kwa ukucha. Sanduku la siri likisukumwa lisikwaruze. Na la kufungamana litikise sikioni, likilia kama njuga limekatwa ovyo au mbao haikukauka.

Nasafiri nalo kwenda nchi nyingine, kuna shida?

Mbao iliyotengenezwa ikaisha, haina gome, imepakwa nta au vanishi, kwa kawaida haina shida ila sheria za forodha zinatofautiana, angalia za unakokwenda. Cha kuangalia zaidi ni aina ya mti. Karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, na mpingo umo, iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia Januari 2017, kwa hiyo mizigo mikubwa ya biashara inahitaji vibali. Vitu vilivyokamilika vyenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena viliondolewa kwenye sharti hilo baadaye, fumbo moja begani halifiki huko. Omba risiti iandikwe jina la mbao. Na libebe kwenye begi la mkononi, sehemu ya mizigo inabamizwa.

Kusafisha?

Kitambaa kikavu au brashi laini. Maji hapana, dawa ya kioo hapana.

Nataka kuanza kutengeneza nyumbani, nianzie wapi?

Usinunue mashine. Chukua msumeno wa mkono wenye upinde mrefu na bledi nyembamba, meno yaelekee chini, plaiwudi ya milimita 4 au 5, na ubao wenye pengo la V uliobanwa ukingoni mwa meza wa kuegemeza kazi. Bandika picha kwa gundi nyeupe iliyotandazwa sawasawa, iweke chini ya vitabu vizito usiku kucha, halafu bandika tepu ya karatasi nyuma ya mbao ili isichanike unapokata. Kata vipande ishirini tu, vikubwa. Msasa namba 180 kisha 320 nyuma, kidogo, ukizidisha unakula kona na vipande vinalegea.

Ukitumia mafuta ya kitani kupaka, matambara yaliyobaki usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yaloweke kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Bledi nunua pakiti nzima.